Asilimia Mia na Nne

Wenzangu mlio na watoto, haya ninayoyaandika yalitokea katika nchi ambayo si hii yetu. Ina mihogo kama yetu, ina vumbi kama letu, na wakubwa wake wana vitambi kama vya wakubwa wetu, lakini si hii. Jina lake silitaji kwa sababu nina mtoto mwingine. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe nikianza jambo mkiani. Ila nililoliona nimeliona kwa macho haya, na naliandika mchana mweupe, mlango ukiwa wazi, asije mtu akasema niliota.

Katika nchi hiyo watoto walikuwa hawaendi shule sawasawa. Huyu anawinga ndege mpungani, yule anamshikia mama yake mtoto, mwingine anaondoka kwao na daftari, anaishia mtoni. Serikali ikasikitika sana, ikaunda Wizara ya Kuwahi. Waziri mwenyewe akaja wilayani kwetu kuzindua saa kubwa ya kuwaamsha wazazi, iliyojengewa mnara wa matofali. Kadi za mwaliko zilisema saa mbili asubuhi. Mheshimiwa akafika saa nane mchana. Basi fundi akapandishwa ngazi, akairudisha mishale mpaka saa mbili kasoro dakika tano, na mshereheshaji akatangaza kwamba Mheshimiwa amewahi. Tukapiga makofi. Watoto watatu walioanguka kwa jua waliandikwa kwamba wamelala saa za masomo.

Kisha akahutubia. Alisema mambo mengi ya maendeleo ambayo sikuyashika, lakini hili nililishika.

"Kuanzia leo mahudhurio ni asilimia mia," alisema. "Utoro nimeufuta. Atakayesema ameuona utoro, huyo ndiye mtoro mwenyewe, na tutamshughulikia."

Nilimwelewa vizuri. Asilimia mia maana yake ni wote.

Sasa mwalimu wa darasa afanyeje? Mwalimu Ngoda, aliyekuwa na darasa la sita, alikuwa na watoto tisini na sita na roho laini. Zamani aliweka alama ya buluu kwa aliyekuja na alama nyekundu kwa asiyekuja. Wizara ikapita shule kwa shule ikikusanya kalamu nyekundu, ikazichoma hadharani. Likabaki tatizo la muda, maana kuita majina tisini na sita kila asubuhi kunakula kipindi cha hesabu. Walimu wakapata njia ya kulitatua. Jumatatu asubuhi daftari la mahudhurio linajazwa la wiki nzima, Jumatatu mpaka Ijumaa, buluu tupu, halafu siku zinazofuata majina yanaitwa haraka haraka kwa heshima tu. Na watoto, ambao hawataki mwenzao achapwe, wakajizoeza kuitikiana. Likiitwa jina la asiyekuwepo, sauti moja kutoka nyuma inasema "nipo", na kazi inaendelea. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Lilikuwa jambo la upendo.

Wilaya nyingi zikafika mia. Halafu wilaya jirani ikatangaza mia na moja. Afisa Mahudhurio wetu, Bwana Mgunda, mtu mfupi anayetembea na rula kwapani, alikosa raha wiki nzima mpaka akakonda mashavu. Ijumaa akaita mkutano, akatangaza kwamba wilaya yetu imefika asilimia mia na nne.

Tulishangilia. Nchi ile watu wanaheshimu namba, hakuna aliyeuliza hao wanne katika kila mia ni watoto wa nani. Ila Wizara ikaagiza kila shule itengeneze madawati ya hao wanne, maana haiwezekani mtoto wa Serikali akakaa chini. Seremala akaleta madawati mapya ya mninga, yakapangwa nyuma kabisa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyakalia. Kila asubuhi yalifutwa vumbi. Mimi nasema hivi, ukiweka kiti, ukakifuta, na ukaita majina mbele yake kila siku, usishangae.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Sitajificha.

Binti yangu Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mbili, yuko kwenye hilo darasa la Mwalimu Ngoda. Mdogo wake Mrisho ndiyo kwanza anasimama dede. Baba yao alikuwa machimboni, anakuja akikumbuka. Jumatano kwetu ni siku ya gulio, na mimi nakaanga mihogo gulioni. Nani abaki na Mrisho? Nyamizi. Siku nyingine hakukosa, ila alianza na maji, akafagia, akachekecha unga, akimaliza ndiyo aende. Nilikuwa nikimwambia kwamba shule haikimbii. Nilimwomba Mwalimu Ngoda anivumilie kwa hizo Jumatano. Akacheka, akasema mama usihangaike, Jumatano yenyewe nilishaijaza.

Nilishukuru. Nilimpelekea kisamvu.

Dalili ya kwanza aliileta Tausi, mtoto anayekaa dawati moja na Nyamizi. Alhamisi moja alimsindikiza mwenzake nyumbani, akaniambia kama mtu anayesimulia habari za kawaida kwamba Nyamizi siku hizi akija Jumatano anakuwa mkimya, hataki hata kucheza rede. Nikamwambia Nyamizi Jumatano haji. Tausi akanitazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayekosea. Akasema anakuja, ila Jumatano anakaa nyuma, kwenye madawati mapya.

Nikaomba kuliona daftari la Kiswahili. Imla ya Jumatano ilikuwemo. Mwandiko ulikuwa wa Nyamizi, ila umenyooka kuliko wake, na hapakuwa na kosa hata moja. Nyamizi alilishika lile daftari kwa ncha za vidole, akasema hajaandika yeye.

Na mimi mama yake nilifanya nini? Nilihesabu vema kumi na tano kwenye ukurasa ule, nikalirudisha kwenye mfuko. Moyoni nikasema, basi hata Jumatano hapitwi.

Baada ya mwezi haikuwa Jumatano tu. Tausi alisema asubuhi anakikuta kiti cha mwenzake kimekwisha kukaliwa na yule wa madawati mapya kabla kengele haijapigwa, na Nyamizi huyu wa maji na unga akifika amechelewa, yule anahamia nyuma. Kisha ikafika wiki ambayo hakuhama. Nyamizi alikaa chini, karibu na mlango. Mwalimu Ngoda hakumwona. Simlaumu, darasa lilikuwa limeshatimia.

Jumatatu moja nikamchelewesha tena, mtungi ulipasuka. Alirudi nyumbani saa tatu akiwa na uso wa majivu. Mlinzi alimzuia getini. Alimwambia watoto wote wamo, mia na nne kwa mia, geti limefungwa, na Nyamizi amekwisha kupita tangu saa moja kasoro robo.

Nikamfunga Mrisho mgongoni, nikamshika Nyamizi mkono, tukaenda. Hatukupita getini, tulizunguka upande wa vyoo mpaka dirisha la darasa la sita. Nikachungulia. Wenzangu, nilikuwa nimemshika mwanangu mkono, vidole vyake vina unga, na mbele yangu, safu ya tatu, nilikiona kisogo chake. Nywele nilizomsuka mimi Jumapili, mistari saba. Tofauti ilikuwa ndogo. Ukosi wa Nyamizi niliushona kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikwisha. Wa yule ulishonwa kwa uzi mweupe. Viatu vyake havikuwa na vumbi, na huo ulikuwa mwezi wa tisa, hata Mwalimu Mkuu alikuwa na vumbi mpaka magotini.

Mwalimu aliuliza swali. Yule akanyoosha mkono, mrefu, umenyooka. Hakugeuka kututazama. Alikuwa anasikiliza somo.

Mrisho mgongoni akaanza kucheka na kumpungia.

Ofisi ya Bwana Mgunda ina benchi nje lililoandikwa WALIOWAHI na sakafu iliyoandikwa WENGINE. Tulikaa sakafuni hadi adhuhuri. Alipotuingiza nilimweleza yote, hata kisamvu sikukificha. Alifungua daftari, akaweka rula chini ya jina.

"Mama Nyamizi, mtoto wako hajakosa hata siku moja mwaka mzima. Watoto wa namna hii tunawatafuta kwa tochi. Unalalamikia nini?"

Nikamwambia mtoto wangu ni huyu hapa.

"Daftari lina Nyamizi mmoja, na yuko darasani anasoma. Mimi ningekuwa wewe, ningejiuliza huyu uliyemshika mkono ni nani, na saa hizi anafanya nini nje ya shule."

Nyamizi aliivuta kanga yangu. Bwana Mgunda alinihurumia, nasema kweli, alinimiminia na maji. Akanipa Fomu ya Kuomba Kuwepo. Ilitakiwa isainiwe na mwalimu, athibitishe kwamba mwombaji alihudhuria siku zote alizokosa. Mwalimu Ngoda aliitazama ile fomu mpaka machozi yakamlengalenga. Alisema akisaini kwamba Nyamizi hakuwepo, atakuwa ameuona utoro. Akisaini kwamba alikuwepo, basi aliyekuwepo ni yule. Mbele yangu akaikunjakunja, akaniomba radhi, akaingia darasani. Nilimsikia akiita majina, na lilipofika letu, nilisikia likiitikiwa.

Jirani yangu Mama Tuli alinicheka. Alisema wenzako tunahangaika kumpata mmoja wa kwenda shule, wewe Mungu kakupa wawili, mmoja wa daftari na mmoja wa mtungi, unalia nini? Nilicheka naye. Usiku huo Nyamizi hakula. Aliuliza swali moja tu.

"Mama, yule akija nyumbani, mimi nitalala wapi?"

Kuanzia siku ile maji nilichota mwenyewe. Mihogo niliacha. Nyamizi alikuwa getini kabla ya jogoo wa mlinzi kuwika, lakini kila akifika, yule amekwisha kufika.

Wizara haikuwa na moyo mbaya. Kulikuwa na akina mama wengine kama mimi, tulijuana kwa kuinamisha vichwa gulioni. Mmoja alikuwa na mapacha wa namna hiyo darasa la pili, mwingine hakutaka kusema. Ikatangazwa Siku ya Uhakiki. Bwana Mgunda alieleza utaratibu kwa kipaza sauti, siku tatu mfululizo, ili asipatikane wa kusema hakusikia. Jina litaitwa mara moja tu, kwa sababu Serikali hairudii maneno. Atakayeitikia kwanza ndiye mwenye jina, mwenye dawati, mwenye kufanya mtihani wa darasa la saba na yote yanayofuata mpaka cheti cha kifo. Jina likishahakikiwa haligawanyiki. Wa pili ataandikwa ziada.

Nikasema hapo ndipo pangu. Mwanangu ana sauti. Ana mapafu ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Nikiwa jikoni namwita, anaitika. Nikiwa kisimani namwita, anaitika. Nilimvizia akiwa chooni, akaitika. Kila nilipomwita alinielekea, akanitazama usoni, akasema "nipo", na mimi nikamsifu. Asubuhi ya Uhakiki tulifika saa kumi na mbili, hata mlinzi hajaamka. Nilimpaka mafuta. Uzi mweusi wa ukosi niliufumua, nikaushona upya kwa mweupe nilioazima kwa Mama Tuli.

Wakasimamishwa uwanjani mistari miwili. Mstari wa waliotoka majumbani ulikuwa unapiga chafya, unajikuna, unasukumana, mmoja amebeba kipande cha muhogo. Mstari wa pili ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Sisi akina mama tuliwekwa nyuma ya kamba. Nilimwona yule kwa mbele kwa mara ya kwanza. Sitawaambia alikuwa wa kutisha. Alikuwa mzuri. Alikuwa mtoto ambaye kila mzazi hupenda kumwonyesha wageni.

Bwana Mgunda akaanza. Jina la kwanza lilichukuliwa na mstari wa pili. La pili pia. La tatu, yule wa muhogo akawahi, uwanja mzima tukashusha pumzi, na yule mwenzake wa mstari wa pili akageuka taratibu, akaingia darasani, hakutoka tena, na walipokwenda kumtafuta walikuta dawati tu. Kwa hiyo inawezekana, nilisema. Inawezekana.

Kisha akasema, "Nyamizi."

Mwanangu alisikia. Nilimwona mabega yakishtuka. Akafungua kinywa. Halafu akageuza shingo, akanitafuta nyuma ya kamba, akaniangalia.

Miaka yote sita ya shule nilikuwa nimemfundisha hivyo mimi mwenyewe, bila kujua kwamba nafundisha. Kengele ikilia, uniangalie kwanza, labda bado nina kazi na wewe. Wenzako wakikupitia, uniangalie kwanza. Aliniangalia ili nimpe ruhusa ya kwenda. Nami nilimkubalia kwa kichwa, kwa nguvu, nenda, nenda mwanangu, na hilo lote halikuzidi pumzi moja.

"Nipo," alisema yule.

Bwana Mgunda akagonga muhuri. Alisema ahsante, anayefuata.

Sasa nina msaidizi kila siku. Maji yapo, uani pamefagiwa, mihogo natoka nayo mapema kuliko wenzangu wote, na Mama Tuli ananionea wivu. Mwanangu alipewa karatasi ndogo ya rangi ya kaki, iliyoandikwa ZIADA, tukaikunja tukaiweka chini ya godoro. Zahanati hawakumpata kwenye orodha. Baba yake alikuja mara moja, akaleta sukari na mashati mawili ya watoto, akauliza Nyamizi yuko wapi, nikamwonyesha. Akasema aah, kumbe yupo. Watu wakija hunisalimia mimi, wakamsalimia Mrisho, halafu wanampita dada yake pembeni kama wanavyokipita kigoda. Nikimwita huitika bado. Ila sasa ni lazima nimwite mara mbili.

Yule alifaulu. Mtihani wa darasa la saba hakukosa hata swali, akachaguliwa kwenda Shule Maalumu ya Wasiokosa, mji mkuu. Barua ilikuja kwa jina langu. Ilisema mzazi afike kumuaga mwanawe saa mbili kamili, gari litaondoka saa mbili na dakika tano, na mzazi atakayechelewa atahesabiwa kuwa hakuzaa. Nilikwenda. Mnishangae mkitaka. Nilikwenda kwa sababu jina lilikuwa la mwanangu na sikutaka liondoke bila mtu wa kuliaga.

Gari la Serikali lilikuwa linanguruma. Waliokuwa wanapanda walikuwa wote wa namna yake, wasafi, hawasukumani. Alinijia, akapiga goti, akasema shikamoo mama. Nikasema marahaba, ulimi wangu uliitikia wenyewe. Alinipa mkono. Haukuwa wa baridi kama mnavyofikiri, wala wa moto. Ulikuwa kama mbao ya dawati iliyowekwa kivulini.

Aliniuliza Mrisho hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza anaanza lini shule. Nikasema bado mdogo, ana miaka mitatu tu, na tena kifua kinamsumbua, mwakani labda tutaona.

"Usiwe na wasiwasi, mama," aliniambia. Alikuwa ananifariji, ndicho kinachonitisha mpaka leo. "Hata akichelewa, ataitikiwa. Dawati lake nimeliona."

Akapanda gari. Liliondoka saa mbili na dakika tano, kama ilivyoandikwa.

Kwa hiyo, wenzangu, nawaandikia. Siwaandikii kuhusu Wizara, maana Wizara itakuwepo. Nawaandikia ninyi wa "akimaliza ndiyo aende". Mtungi uacheni ukauke. Unga ulale na pumba zake. Mpelekeni mtoto, na mumpeleke mapema, na siku za gulio pia, kwa sababu mahali pa mtu hapakai patupu kwa muda mrefu katika nchi hiyo, na sijui kama panakaa patupu katika nchi yenu.

Mrisho hajaandikishwa bado. Kila siku ya Mungu nambeba, tunakwenda kukaa getini kabla ya kengele, bila sare wala daftari, ili mahali pale pamzoee. Bwana Mgunda akipita hutucheka, husema mama huyu hana jina kwetu. Nyamizi hukaa nasi, upande wa pili wa mdogo wake, naye ndiye anayemfundisha zaidi yangu. Tumemfundisha jambo moja tu. Ukisikia jina lako, usiniangalie mimi.

Jana nilimwita Mrisho aje anywe uji. Alikuwa uani, ameelekea upande wa shule. Akasema "nipo" papo hapo, sauti kubwa, wala hakugeuka. Nikamwambia vizuri mwanangu. Nikamwita tena, hakugeuka. Nikamwambia vizuri.